Chama cha kimataifa cha kampuni za PR: usianze na kuhesabu nchi

Swali: "Kaka, habari za kazi. Naongoza sekretarieti ya chama cha kimataifa cha kampuni za PR (mahusiano ya umma), tuko wafanyakazi wawili tu. Tuna kampuni 46 kwenye nchi 9, pamoja na washauri binafsi wachache na vyama viwili vya kitaifa. Miaka mitatu namba haisogei, tukiingiza watano wanatoka watano. Sasa bodi imesema ndani ya miaka miwili tuwe nchi 30. Kuna wanaosema tushushe ada, wengine tufungue matawi, wengine tuanzishe tuzo. Nianzie wapi?"

Dada yangu, kazi njema, nashukuru kwa swali. Jibu umelileta mwenyewe, liko kwenye hiyo sentensi ya tukiingiza watano wanatoka watano. Kupata watu sio shida yenu, watu wanakuja, shida ni kwamba hawakai. Sasa ukikimbilia nchi 30 kabla hujajua kwa nini hawakai utakuwa unateka maji kwa pakacha, tena kwa gharama kubwa kuliko saivi, maana kampuni iliyo peke yake kwenye nchi yake haina wa kukutana naye, haina wa kumuuliza mwenzake "ninyi mmelipa?", na mwaka ukigeuka ndo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Kwa hiyo kabla ya ada, matawi na tuzo, kuna swali moja bodi yako haijalijibu: mwanachama wenu ni nani hasa? Umenitajia kampuni, washauri binafsi na vyama vya kitaifa, wote ndani ya chama kimoja. Hao ni watu watatu tofauti wanaotaka vitu vitatu tofauti, na vyama vikubwa vya sekta hii vilivyodumu kila kimoja kilichagua wake. IPRA ilianzishwa London mwaka 1955 na ikajengwa juu ya mtu binafsi, yaani mtaalamu mwenyewe ndo mwanachama, kwa hiyo nguvu yake imekuwa kwenye maadili ya mtu na hadhi ya mtu. ICCO ilianza mwaka 1986 ikajengwa juu ya vyama vya kitaifa vya kampuni za ushauri, kwa hiyo mazungumzo yao ni biashara, faida, wateja wanavyochagua kampuni, vijana wa kuajiri wanapatikana wapi. Global Alliance ikaja mwaka 2000, yenyewe ni muungano wa vyama vya wataalamu, ndo maana utaikuta zaidi kwenye viwango vya taaluma na mitaala. Zote ni PR lakini usingeweza kuchukua katiba ya mojawapo ukaipachika kwa nyingine.

Kwako wewe mkanganyiko huo unaumia wapi? Kwenye kura na kwenye ada. Nafikiria mkutano mkuu wenu: mshauri anayefanya kazi peke yake ana kura moja, kampuni yenye watu 200 ina kura moja, na chama cha kitaifa kinachobeba kampuni kadhaa mgongoni nacho kura moja. Yule mwenye chama cha kitaifa akiangalia hivyo anajiuliza anafanya nini humo, na hatagombana nanyi, ataacha tu kujibu imeili. Nimeona hilo likitokea zaidi ya mara moja. Kaeni chini muamue, na mkishaamua msione haya kuwaambia wengine kwamba nafasi yao ni ya mwanachama mshiriki asiye na kura, mwenye ada ndogo na huduma zinazoeleweka. Ukiniuliza mimi, kwa chama chenye wafanyakazi wawili, shikeni kampuni, na vyama vya kitaifa vifanyeni washirika kwa mkataba wa maandishi. Kuendesha shirikisho la vyama ni kazi ya diplomasia muda wote na hamna watu wa kuifanya.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe.

Sekretarieti ya kwanza niliyofanya kazi nilikabidhiwa eksel ya wanachama siku ya pili tu. Safu ya kwanza jina la kampuni, ya pili nchi, ya tatu mwaka wa kujiunga, ya nne imeandikwa "hali", na chini ya hiyo safu kila mstari umeandikwa "hai". Nikaanza kupiga simu moja moja, ilinichukua karibu mwezi. Nikakuta kampuni mbili zimeungana tangu zamani na sisi tunazihesabu mbili, moja ilishafungwa, na nyingi zilizobaki mtu tuliyekuwa tunamwandikia alishaacha kazi siku nyingi, imeili zinaingia kwenye boksi ambalo hakuna anayelifungua. Kumbe hawakujitoa kwa hasira wala hawakuona ada kubwa. Yule mmoja aliyekipenda chama alihama, akaondoka nacho, na aliyebaki alipoona invoisi hakujua hiki ni kitu gani.

Tangu hapo sijawahi kuruhusu kampuni iwe na jina moja tu kwenye rejista. Weka matatu: mwenye maamuzi (mmiliki au mkurugenzi), mtu wa fedha, na kijana mmoja wa kati mwenye kiu ya kujifunza. Huyo wa tatu watu wanamsahau na ndo muhimu kuliko wote, kwa sababu ndo anayekuja kwenye webina, ndo anayetumia zile ripoti, alafu bosi akiuliza "hiki chama kina faida gani" yeye ndo anajibu. Na ile miezi mitatu ya mwanzo ukampoteza mwanachama mpya, umempoteza, atalipa mwaka wa kwanza tu. Ndani ya siku 90 hakikisha amefanya vitu viwili na mwanachama mwenzake kutoka nchi nyingine, hata kama ni simu ya nusu saa uliyowaunganisha mwenyewe. Barua ya kukaribishwa na nembo ya kuweka kwenye tovuti havimfungi mtu.

Kuna kitu kingine kidogo kinachofukuza wanachama wa mbali na hakuna anayekisema kwenye bodi, nacho ni pesa yenyewe inavyosafiri. Kampuni inatuma ada yote kamili, njiani benki za kati zinakata chao, kwenye akaunti yenu inaingia pungufu, mtu wako wa hesabu anaiandika "hajamaliza", mwezi unaofuata mfumo unamtumia kumbusho la deni. Yaani mtu amelipa, amepoteza asubuhi nzima benki akijaza fomu za fedha za kigeni, alafu anadaiwa. Na anayedaiwa sio kampuni kubwa ya New York, ni yule mmoja uliyempata kwa shida kwenye nchi mpya. Dawa zipo: kwenye invoisi andika wazi kwamba malipo yatumwe kwa maelekezo ya OUR, yaani makato yote yawe kwa mtumaji, au bora zaidi chama kiamue kubeba makato hadi kiwango fulani na kulihesabu hilo kwenye bajeti, ruhusu kadi, na uliza mapema kama nchi yao ina kodi ya zuio kwa malipo ya nje, maana zipo nyingi. Alafu uliza mwaka wao wa fedha unaanza lini. Invoisi ikifika mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa inakaa mwaka mzima, sio kwa ubaya, haina mahali pa kuingia.

Ukishaziba hapo ndo tuongee habari ya kukua, na hapa naomba unielewe vizuri. Kampuni ya PR inajiunga na chama cha kimataifa ikipata kitu ambacho haiwezi kukinunua wala kukitengeneza peke yake. Mafunzo inaweza kununua popote. Wateja inaweza kutafuta yenyewe, na kama inataka wenzake wa nchi nyingine kwa ajili ya kupeana kazi ipo mitandao ya kampuni binafsi kama PROI, iliyoanza mwaka 1970, na Worldcom. Mkijaribu kushindana na mitandao hiyo kwenye kugawana wateja mtashindwa, maana wao wanachukua kampuni chache kwa kila soko na kulindana, ninyi mko wazi kwa wote. Kitu ambacho kampuni moja haiwezi, hata iwe kubwa namna gani, ni kuweka kanuni ambayo soko zima linaikubali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni AMEC, chama cha kimataifa cha watu wa upimaji wa mawasiliano. Kilianza mwaka 1996, na ni sehemu ndogo ya sekta, kampuni za kufuatilia vyombo vya habari na kupima matokeo, sio sehemu inayovutia kamera. Kwa miaka mingi watu wa PR walikuwa wanapima kazi kwa kuchukua stori iliyotoka gazetini, wanapima urefu wake, wanaangalia tangazo la ukubwa huo lingegharimu kiasi gani, alafu wanamwambia mteja "tumekuletea thamani ya kiasi hiki". Kila mtu aliyekaa kwenye upimaji alijua hiyo namba haina maana, stori inaweza kuwa inakutukana na bado ikahesabiwa, lakini hakuna kampuni iliyoweza kuiacha peke yake kwa sababu mteja anaitaka na jirani bado anaitoa. Mwaka 2010 wakakutana Barcelona, wajumbe kutoka nchi 33, wakapitisha kanuni saba zinazoitwa Barcelona Principles, mojawapo ikisema waziwazi kwamba bei ya tangazo sio thamani ya PR. Zikafanyiwa marekebisho mwaka 2015 na tena 2020. Angalia hapo kilichotokea: kampuni ndogo ikikaa mbele ya mteja sasa inaweza kusema "hatutoi hiyo namba, na sio sisi tu, ndo msimamo wa sekta". Hiyo sentensi ina thamani kuliko ada ya miaka kumi, na chama kidogo kikajulikana na watu ambao hata sio wanachama wake. Hukumsikia mtu akisema wameenda nchi ngapi kwanza.

Na ninyi mnacho cha namna hiyo, tafuteni tu maumivu ya kampuni zenu yako wapi. Kwa uzoefu wangu utaona yako sehemu tatu: mteja anaita kampuni kumi na mbili kuwania kazi moja na hamlipi mtu hata shilingi kwa mawazo yaliyoletwa, mawazo yenyewe yanachukuliwa na kupewa mwingine, na malipo yanacheleweshwa miezi. Chagua moja. Andaeni mwongozo wa kurasa nne wa jinsi mteja anavyotakiwa kuchagua kampuni ya PR, mketi na upande wa wateja pia wauguse uwe wao, sio malalamiko yenu. Kazi hiyo inafanywa na watu wawili kwa mwaka mmoja na haihitaji ofisi nchi yoyote mpya. Ukitaka kwenda mbali zaidi angalia ile CMS inayotumiwa na ICCO, kiwango cha usimamizi wa kampuni kilichotoka kwa PRCA, chama cha PR cha Uingereza, kwenye miaka ya 1990, ambapo kampuni inakaguliwa na mtu wa nje kuanzia uongozi, fedha, wafanyakazi mpaka mteja anaridhika kiasi gani. Hicho unakiuza, kampuni inalipia ukaguzi, na kampuni iliyokaguliwa haitoki kirahisi kwa sababu cheti kinaondoka na uanachama.

Lakini hapo kwenye kanuni kuna mahali pa hatari na lazima nikuambie maana nimeona wenyeviti wazuri wakitumbukia. Chama cha wafanyabiashara washindani ni kitu ambacho sheria za ushindani zinakitazama kwa macho mawili. Kwenye Umoja wa Ulaya kifungu cha 101 cha mkataba wake kinataja kabisa maamuzi ya vyama vya makampuni, sio mikataba ya kampuni kwa kampuni tu. Kwa hiyo ile hoja inayokuja kila mkutano, "tuweke bei ya chini ya ushauri ili tusiuane", hiyo usiiruhusu hata iingie kwenye ajenda. Na sio bei peke yake. Marekani Mahakama ya Juu mwaka 1978 iliamua dhidi ya chama cha wahandisi, National Society of Professional Engineers, kwa sababu kanuni yao ya maadili ilikataza kushindana kwa bei, wakati wenyewe walisema wanalinda usalama wa umma. Na mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani ikaibana Music Teachers National Association, walimu wa muziki jamani, kwa sababu maadili yao yaliwazuia walimu kuwavuta wanafunzi wa mwenzao. Sasa fungua maadili ya chama chako uone kama hakuna kipengele cha "mwanachama asimfuate mteja wa mwanachama mwenzake". Vyama vingi vya PR vilikuwa nacho au bado wanacho, kinasikika kama adabu njema, na kinaweza kukiletea chama kesi. Kiondoe. Takwimu za ada na mishahara mnaweza kukusanya, ila zikusanywe na mtu wa nje, ziwe za kipindi kilichopita, na zitolewe kwa jumla ili mtu asitambue namba ya nani ni ipi. Na wekeni mwanasheria akae kwenye mikutano ya kamati, au angalau aone ajenda kabla na kumbukumbu baada.

Tukiwa hapo hapo kwenye maadili. Ukiniuliza ni nini kinakifanya chama cha PR kiheshimiwe na watu walio nje yake, ni kama kinaweza kumtoa mtu wake mkubwa. Sekta yetu inauza kuaminika, kila siku tunawaambia wateja jinsi ya kuaminika, sasa chama cha sekta hiyo kikiwa kinaogopa ada ya mwanachama kitamwambia nini mtu? Mwaka 2017 Bell Pottinger, moja ya kampuni zilizojulikana sana London, ilishtakiwa kwa PRCA na chama cha siasa cha Afrika Kusini, Democratic Alliance, kuhusu kazi iliyoifanyia Oakbay, kampuni ya familia ya wafanyabiashara ya Gupta, kampeni ambayo ilionekana kuchochea mgawanyiko wa rangi. PRCA ikasikiliza, kampuni ikakata rufaa, rufaa ikakataliwa, na tarehe 4 Septemba ikafukuzwa, isiombe tena uanachama kwa muda usiopungua miaka mitano. Siku nane baadaye kampuni ikaingia kwenye ufilisi, wateja walishaanza kuondoka. Mwezi uliofuata ICCO wakakutana Helsinki wakatoa tamko lao la maadili lenye vipengele kumi.

Usichukue hapo ile stori ya kampuni kuanguka, chukua mashine iliyofanya uamuzi uwezekane. Mlalamikaji alikuwa mtu wa nje kabisa, tena wa nchi nyingine, na kulikuwa na mlango wa yeye kuingilia. Kulikuwa na maadili yaliyoandikwa ambayo kampuni ilikubali ilipojiunga. Kulikuwa na kamati ya kusikiliza, na rufaa iliyokwenda kwa watu wengine. Na kila hatua ilikuwa na muda wake, malalamiko yaliingia Julai, Septemba yameisha. Sasa chukua karatasi ujiulize: leo usiku mtu wa nchi ya kumi akikuletea malalamiko juu ya kampuni ya rais wa bodi yako, anajaza fomu gani, inaenda kwa nani, nani anajitoa kwenye kikao, siku ngapi? Vyama vingi ukiuliza hivyo chumba kinanyamaza. Andika hiyo taratibu kabla hujaihitaji, maana ukiiandika siku malalamiko yameshafika kila neno litaonekana linamlenga mtu. Na kwa chama cha kimataifa hili ndo gumu zaidi, kwa sababu kitu kinachopita nchi moja kwingine ni kosa, na kampeni inafanyika nchi moja huku kampuni iko nyingine, ndo maana maadili yenu yaseme wazi kwamba yanamfuata mwanachama popote kazi inapofanyika.

Haya, nchi mpya. Sisemi msiende, nasema kuna utaratibu. Cha kwanza angalia kama pale tayari kuna chama cha kitaifa cha kampuni. Kama kipo usifungue tawi, utapigana na watu ambao ungepaswa kuwa nao, saini nao makubaliano, wanachama wao wapate huduma zenu kwa bei ya nafuu na wao wakupe mlango. Angalia pia mabara yenyewe yana nini. Afrika kwa mfano shirikisho la vyama vya PR, FAPRA, lilianzishwa tangu mwaka 1975 na ndo lililokuja kuwa APRA, sasa ukitua pale kama vile umegundua bara utadharauliwa kwa haki kabisa. Kama hakuna chama, hapo unaweza kufanya kama PRCA walivyofanya walipoanzisha PRCA MENA mwaka 2016 kwa ajili ya Mashariki ya Kati na Kaskazini mwa Afrika, yaani kundi la nchi zilizo karibu linakuwa na bodi yake, matukio yake na mtu wa kulisimamia, badala ya nchi moja moja zenye mwanachama mmoja mmoja. Mi kipimo changu ni hiki: kampuni tano zilizolipa na mtu mmoja mwenye heshima kwa washindani wake aliyekubali kuwaita wenzake mezani. Bila huyo mtu usiende hata kama zipo kampuni hamsini, maana wewe uliye mbali huwezi kuwaita watu mezani kwa imeili. Na mgao wa ada uandikwe mapema, sehemu kubwa ibaki kule kule, vinginevyo baada ya mwaka wataona wanatuma hela tu makao makuu.

Usajili usikupotezee muda sana. Uswisi chama kinapata uhai wa kisheria kwa katiba yenyewe, kifungu cha 60 cha sheria yao ya madai, Ubelgiji wana aina maalum ya chama cha kimataifa kisicho cha faida, Uingereza wengi wanatumia kampuni isiyo na hisa, yenye dhamana ya wanachama. Chagua kulingana na benki itakayokubali kukufungulia akaunti na wanachama walioko wapi, alafu songa mbele.

Ada: msishushe. Anayetoka kwa kukosa faida atatoka hata ikiwa nusu, na ninyi mtabaki na mfanyakazi mmoja badala ya wawili. Ila panga kwa madaraja ya mapato ya ada za ushauri, sio idadi ya wafanyakazi kwa sababu hiyo watu wanaipunguza kwenye fomu, na tengeneza daraja la chini kabisa kwa kampuni za nchi ambazo soko ni dogo. Punguzo la kirafiki la mtu mmoja mmoja achana nalo, litajulikana tu, na aliyelipa yote akijua umempoteza yeye.

Tuzo zina faida, IPRA wanatoa Golden World Awards tangu mwaka 1990 na zimewapa jina dunia nzima. Lakini tuzo zinahitaji majaji wasioweza kushukiwa na kazi za kutosha kushindanishwa, kwa kampuni 46 utajikuta kila mshiriki anashinda kitu na hapo unakuwa umeiharibu nembo yenu mwaka wa kwanza. Subiri. Na siku ukianza, usiache bajeti ya chama ikategemea mapato ya tuzo na mkutano mmoja, mwaka 2020 vyama vingi vilivyokuwa vinaishi kwa tiketi za ukumbini vilijikuta havina kitu ndani ya wiki chache.

Bodi nayo naomba uiangalie, kwa heshima zote. Kama wajumbe wengi wanatoka nchi moja au mbili na vikao viko saa ya kwao kila mara, basi yule wa upande mwingine wa dunia anaingia kikaoni saa nane usiku, anachoka, anaacha, na wewe unaandika "hakuhudhuria". Zungusha saa za vikao ili usumbufu ugawanywe. Wekeni ukomo wa vipindi. Na nyaraka tatu tu za msingi, yaani maadili, utaratibu wa malalamiko na ule mwongozo wa wateja, zitafsiriwe kwenye lugha za wanachama wenu na mtu wa kazi hiyo hiyo ya PR wa nchi husika apitie, sababu neno la "mteja" au "maslahi binafsi" likikosewa kwenye maadili utakuja kulijua siku ya kesi.

Kuhusu lile lengo la nchi 30, usiliombe bodi ilifute, watajisikia vibaya na watakuona unakwepa. Wapelekee kikao kijacho ukurasa mmoja wenye namba wanazoweza kuulizwa hata wao: katika kampuni zilizolipa mwaka jana ngapi zimelipa mwaka huu, zilizojiunga mwaka huu ngapi zimefanya jambo na mwenzao wa nchi nyingine ndani ya siku 90, na mwongozo wa wateja umefika wapi. Waambie nchi za kumi mpaka kumi na tano tutazungumza siku ile namba ya kwanza ikifika tisa katika kila kumi. Nimeshawasilisha ukurasa wa namna hiyo na kuna mjumbe alikasirika kweli, alafu akaniomba nakala akatumie kwenye chama chake kingine.

Kabla ya kikao hicho fanya kitu kimoja tu wiki hii. Chukua majina ya kampuni zote zilizotoka miaka hii mitatu, wapigie wewe mwenyewe, sio msaidizi na sio fomu ya mtandaoni. Usiwaombe warudi. Waulize ni nani pale kwao aliyekuwa anakitumia chama, na ni kitu gani cha mwisho mlichowapa wakakitumia kazini. Andika majibu kwa maneno yao kama walivyoyasema. Ukiyapata niandikie tena, nitakaa nayo nikusaidie kuyasoma.